Kolonya ya Bei Ghali na Hesabu ya Mvuke

Ni vigumu kupata bidhaa ya anasa inayomtoroka mnunuzi wake upesi kama manukato ya kiume yanayotokana na jamii ya malimau na machungwa. Chupa ya mililita 100 yenye jina kubwa, mathalani Eau Sauvage ya Dior au Colonia ya Acqua di Parma, huuzwa Ulaya kwa takriban dola 100 za Kimarekani au zaidi. Naye aliyejipaka alfajiri aghalabu hujikuta, kabla ya adhuhuri, hana hata dalili ya limau shingoni. Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba biashara hiyo ni wizi mtupu. Kundi la pili hushikilia kwamba bei yenyewe ni ushahidi wa ubora, na kwamba asiyeisikia harufu ana kasoro puani. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: yametoa hukumu kabla ya kuuliza ndani ya chupa mna nini, na hivyo vilivyomo vinatii kanuni gani.

Swali hili si la matajiri peke yao. Manukato yenye majina ya Ulaya huuzwa pia Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ya halisi na ya bandia, na miongoni mwa wanaoyatamani sana ni vijana wanaoanza maisha: mwalimu mpya, karani, mwanafunzi wa chuo aliyeletewa fedha na mjomba. Kwa watu hao dola 100 si fedha ya kuchezea. Ni karo, ni nauli, ni vitabu. Wana haki ya kuelezwa wanalipia kitu gani. Na yafaa isemwe wazi tangu mwanzo kwamba, kwa walio wengi miongoni mwao, chupa hiyo haistahili kununuliwa. Lakini sababu yake siyo ile inayotolewa na kundi la kwanza.

Neno kolonya limetokana na jina la Kifaransa la mji wa Köln, nchini Ujerumani. Mwaka 1709 ilianzishwa huko biashara ya ukoo wa Farina, Waitalia waliohamia mji huo, na mmoja wao, Johann Maria Farina (1685–1766), ndiye aliyeyapa sifa yale maji mepesi yaliyokuja kuitwa kwa jina la mji. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walizoea manukato mazito ya miski, zabadi na ambari. Farina alichukua mafuta ya maganda ya matunda ya jamii ya malimau, akayayeyusha katika alkoholi iliyosafishwa vizuri, akapata kitu kilichokuwa kinyume cha mazoea: harufu inayofika, inaburudisha, kisha inaondoka. Waigaji walikuwa wengi mno, hata jina la mji likawa jina la bidhaa. Nyumba nyingine ya huko huko, iliyopata umaarufu kwa namba ya jengo lake, 4711, inauza kolonya yake hadi leo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zile zilizotajwa hapo juu. Nyumba hiyo itarejewa hapa chini.

La kukumbukwa katika historia hii ni kwamba kolonya ilibuniwa iwe ya kupita. Watu walijimwagia mara kadhaa kwa siku, na Napoleon Bonaparte alijulikana kwa kuitumia kwa wingi wa kustaajabisha. Kuilaumu kolonya kwa kutodumu saa kumi na mbili ni kama kulilaumu dafu kwa kutowekeka ghalani pamoja na mahindi.

Kwa nini haidumu? Mwalimu wa kemia anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila ya chupa yoyote ya Ulaya. Achukue ganda bichi la chungwa, alikunje kwa vidole karibu na mwali wa mshumaa: vitone vinavyoruka kutoka gandani vitawaka kwa cheche. (Chupa ya spiriti isiwepo mezani wakati huo, na nyuso za wanafunzi zikae mbali.) Akilikunja ganda lile juu ya puto lililojazwa hewa, mara nyingi puto litapasuka, kwa kuwa mafuta yale huudhoofisha mpira. Mafuta hayo hukaa katika vifuko vidogo vinavyoonekana kama vitone juu ya ganda. Katika chungwa, zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni kemikali moja, limonini, ambayo fomula yake ni C10H16. Katika limau, limonini ni kama theluthi mbili, na ile harufu kali ambayo kila mtu huitambua kuwa ni ya limau hutokana zaidi na sitrali, ambayo ni asilimia chache tu ya mafuta yote. Katika bergamoti, tunda chungu lisiloliwa kama chungwa na ambalo ndilo roho ya kolonya, limonini hupungua zaidi, na nafasi yake huchukuliwa kwa sehemu kubwa na asetati ya linalili na linaloli, zenye harufu laini iliyo karibu na ya maua.

Molekuli ya limonini ina uzito wa 136 tu, na limonini huchemka kwenye nyuzi 176 za Selisiasi. Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa ngozi ya mwanadamu ina nyuzi kama 33, mafuta yanayochemka kwenye 176 yatatorokaje? Jibu liko kwenye kamba ya kuanikia nguo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na bado shati lililoanikwa asubuhi huwa limekauka mchana. Kukauka si kuchemka. Molekuli zilizo juu ya uso wa kimiminiko huchomoka moja moja na kwenda hewani katika kila kiwango cha joto, na zile nyepesi, zisizoshikana sana na wenzake, huchomoka kwa wingi zaidi. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi: pua haisikii kilichobaki juu ya ngozi, bali husikia kile kilichokwisha kuondoka. Harufu ndiyo kutoroka kwenyewe. Limau lisilotoroka ni limau lisilonukia.

Muuzaji atajibu kwamba dawa ya tatizo hilo ni kununua chupa iliyo nzito zaidi. Katika desturi ya biashara, wala si kwa sheria, kolonya huwa na asilimia 2 hadi 5 za mafuta ya manukato, na iliyobaki ni alkoholi na maji. Eau de toilette huwa na kiasi kikubwa zaidi, na eau de parfum hupita zote mbili. Bei nayo hupanda ngazi hiyo hiyo. Lakini kwa harufu za jamii ya malimau, ngazi hiyo humfikisha mnunuzi mahali padogo sana, na hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba nusu ya limonini iliyopo juu ya ngozi hupotea kila baada ya dakika 15, na kwamba pua huacha kuisikia ikibaki sehemu moja. Mtu aliyejipaka sehemu 8 atakuwa na sehemu 4 baada ya robo saa, 2 baada ya nusu saa, na 1 baada ya dakika 45. Sasa mwenzake ajipake maradufu, yaani sehemu 16. Atafika wapi? Atafika dakika 60. Akijipaka sehemu 32, ambazo ni mara nne ya mtu wa kwanza, atafika dakika 75. Kila anapozidisha mali kwa mbili, huongezewa robo saa ile ile moja. Hii ni hesabu ya nusu-uhai inayofundishwa katika somo la mionzi. Juu ya ngozi mambo huwa na mchanganyiko zaidi, kwa sababu kemikali nyingi hushikana na kucheleweshana, lakini mwelekeo haubadiliki: kuongeza wingi wa kitu kinachokimbia hakukifanyi kikimbie polepole.

Joto nalo huongeza tatizo. Kani ya mvuke wa limonini huwa karibu mara mbili joto linapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 30. Joto la ngozi halipandi na kushuka kiasi hicho, kwa kuwa mwili hulidhibiti. Hata hivyo shingo iliyo wazi chini ya jua la Tanga mwezi wa Februari, yenye jasho na kupigwa na upepo wa bahari, si sawa na shingo iliyozungushiwa skafu mjini Köln mwezi wa Novemba. Sifa zinazoandikwa Ulaya kuhusu muda ambao kolonya fulani hudumu hazikupimwa kwa ajili ya pwani ya Afrika Mashariki, na msomaji wa huku afanye vyema kuzipunguza kabla ya kuziamini.

Ikiwa hivyo ndivyo, je, mtengenezaji wa chupa ya bei ghali hana kitu cha kuuza? Anacho, na Eau Sauvage ni mfano mzuri kuliko yote. Ilitoka mwaka 1966, na mtunzi wake alikuwa Mfaransa Edmond Roudnitska. Kabla ya hapo wanakemia wa kampuni ya Firmenich ya Geneva, katika kuchunguza harufu ya yasmini, walikuwa wamepata kemikali iliyopewa jina la hedioni. Molekuli yake ina uzito wa 226 na huvukika polepole sana ikilinganishwa na limonini. Ikinuswa peke yake haina kishindo: ni harufu hafifu, yenye hewa ndani yake, kama yasmini iliyosimama mbali na dirisha, pamoja na ukali kidogo ulio ndugu na limau. Roudnitska hakujaribu kulizuia limau lisiondoke. Alifanya jambo la busara zaidi: aliweka nyuma yake kitu kinachofanana nalo kiasi cha kutosha, hata linapokwisha kuondoka, pua iendelee kulidhania lipo. Chini yake akapanga vitu vizito zaidi vya kushikilia mwendo mzima. Limau linaondoka saa ile ile ya kuondoka, lakini kuondoka kwake hakusikiki kama mlango uliobamizwa.

Huo ndio ufundi unaostahili kulipiwa, na ni makosa kuupuuza. Lakini swali la mnunuzi ni la leo, si la mwaka 1966. Leo hedioni ni miongoni mwa kemikali zinazotumika kwa wingi kabisa katika utengenezaji wa manukato duniani. Imo katika chupa za bei ya juu na katika za bei ya chini. Vyombo vya kromatografia ya gesi humwezesha mwigaji kuitenganisha kolonya ya mshindani wake sehemu baada ya sehemu na kupata orodha ya karibu viungo vyote vikuu. Jambo lililokuwa siri ya mtu mmoja limekuwa elimu ya wote. Mwenye kulipa dola 100 kwa ajili ya ubunifu huo analipia jambo ambalo majirani wa bei nafuu wamekwisha kulijua.

Na vilivyomo chupani vina thamani gani? Hapa tena hesabu ndogo inatosha. Kolonya ya mililita 100 yenye asilimia 4 za mafuta ina mililita 4 za mafuta hayo, yaani kama gramu 3.5. Ichukuliwe kwamba mafuta yote hayo yalinunuliwa kwa dola 300 kwa kilo. Gharama yake itakuwa dola 1 na senti 5. Hata asilimia zikipandishwa hadi 10, gharama haifiki dola 3. Zilizobaki ni alkoholi, maji, kioo, kifuniko, boksi, matangazo, kodi na faida ya kila mkono ambao chupa imepitia. Tarakimu hizi zisitumiwe kupiga kelele za wizi. Kitabu nacho, kikipimwa kwa mizani, ni karatasi na wino. Ila zinaonyesha kwamba tofauti kati ya kolonya ya dola 15 na ya dola 115 haiwezi kuelezwa kwa ubora wa malighafi peke yake. Sehemu kubwa ya fedha hiyo hununua jina.

Pana upande mmoja ambapo malighafi huleta tofauti ya kweli, nao ni mafuta ya bergamoti. Sehemu kubwa ya bergamoti ya dunia hutoka katika ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, kusini mwa Italia, ingawa Côte d'Ivoire nayo huilima. Zinahitajika kama kilo 200 za matunda ili kupata kilo moja ya mafuta, ambayo hukamuliwa kutoka kwenye ganda bila kupashwa moto. Kwa kuwa ni ghali, hughushiwa kwa kuongezewa asetati ya linalili iliyotengenezwa kiwandani. Kemia ina njia nzuri ya kumkamata mghushi. Molekuli nyingi za viumbe hai zinaweza kuwapo kwa maumbo mawili yanayolingana kama kiganja cha kulia na cha kushoto: vyote vina vidole vitano, lakini glavu ya kimoja haiingii kingine. Mti wa bergamoti hutengeneza asetati ya linalili ya mkono mmoja karibu tupu. Kiwanda, kwa njia za kawaida, hutoa mchanganyiko wa mikono yote miwili nusu kwa nusu. Kipimo kikionyesha mkono wa pili, mafuta yameghushiwa. Pua yenyewe huitambua mikono hiyo katika baadhi ya kemikali. Limonini ya mkono mmoja hunukia chungwa, na ya mkono wa pili hukaribia harufu ya msonobari. Kavoni ya mkono mmoja ni nanaa, na ya mkono wa pili ni kisibiti. Mwanafunzi anayedhani kwamba maumbo ya molekuli ni michoro ya ubaoni tu anuse nanaa na kisibiti, kisha afikiri upya.

Nyumba kubwa ina vyombo vya kufanyia kipimo hicho na ina jina la kulinda. Mnunuzi anapolipa zaidi, hulipia kwa sehemu uhakika huo. Lakini uhakika huo hauonekani popote kwenye boksi. Kanuni za Ulaya humruhusu mtengenezaji kuificha fomula yake yote nyuma ya neno moja, parfum, isipokuwa viungo vinavyoweza kudhuru ngozi. Fomula inaweza kubadilishwa, jina na chupa vikabaki vile vile. Mtu anaombwa aamini.

Na kuamini ndiko kunakoharibu hukumu. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya California na Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya jaribio ambamo watu walionjeshwa mvinyo ule ule mara mbili, mara moja ukitajwa kuwa wa bei ya chini na mara ya pili kuwa wa bei ya juu. Ule wa bei ya juu waliusifu kuwa mtamu zaidi, na picha za ubongo zilionyesha kwamba hawakuwa wakidanganya: sehemu ya ubongo inayohusika na kupima raha ilishughulika zaidi bei ilipotajwa kuwa kubwa. Jaribio lilikuwa la mvinyo, si la kolonya, lakini ni vigumu kudhani kwamba pua imepewa kinga ambayo ulimi umenyimwa. Mwenye kunusa chupa nzito ya kioo dukani, huku muuzaji mwenye tai akimtazama, hanusi kolonya peke yake.

Dawa ya udhaifu huo ni jaribio la upofu, na linaweza kufanywa na darasa lolote kwa gharama ndogo. Zichukuliwe kolonya mbili, ya bei ghali na ya bei nafuu ya jamii ile ile. Ya 4711 inafaa sana kwa kazi hii. Mtu asiyeshiriki atie matone katika vipande vitatu vya karatasi nyeupe, viwili kutoka chupa moja na kimoja kutoka chupa ya pili, kisha aviandike namba. Mnusaji atafute kilicho tofauti. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu. Akipatia mara nne mfululizo, uwezekano wa kuwa amebahatisha ni moja katika 81, na hapo yafaa akubaliwe kwamba anasikia tofauti. Vipumziko viwepo kati ya jaribio na jaribio, kwa sababu pua huizoea harufu kwa muda mfupi na kuacha kuipokea. Ndiyo maana mtu huweza kudhani manukato yake yamekwisha ilhali aliyekaa naye kwenye basi anayasikia vizuri.

Jaribio hilo lirudiwe mara tatu: dakika tano baada ya kutia matone, saa moja baadaye, na saa tatu baadaye, na mwishoni lihamishiwe kwenye ngozi ya mkono, maana karatasi haina joto wala jasho. Katika dakika tano za mwanzo tofauti itakuwa ndogo kuliko wengi wanavyotarajia. Dakika hizo ni za limonini na ndugu zake, na limonini haijui imetiwa katika chupa ya nani. Tofauti, kama ipo, itatokea baada ya saa moja na kuendelea. Humo ndimo kazi ya mtunzi inamojionyesha, na humo ndimo fedha inamopaswa kuhukumiwa. Kwa bahati mbaya wanunuzi wengi huamua katika dakika ya kwanza, wakiwa bado wamesimama mbele ya kabati la duka. Hulipia saa ya tatu bila kuinusa.

Watu wa pwani wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwani wamelelewa katika mizani nyingine. Nguo iliyofukizwa udi juu ya chetezo hunukia kesho yake. Sandali, miski na ambari hukaa siku kadhaa. Hizo ni molekuli nzito, na ustadi wa kuzichanganya ni wa kale katika miji ya Waswahili kuliko kolonya ilivyo Köln. Aliyezoea mizani hiyo ataiona kolonya kuwa dhaifu, na atakuwa ameihukumu kwa sheria isiyo yake. Ajabu ni kwamba mizani hiyo hiyo ingeweza kumsaidia. Anayetaka harufu ya kudumu hana haja ya kulipa dola 100 ili limau lifanye kazi ya udi, udi upo. Naye anayetaka ubaridi wa asubuhi baada ya kuoga ataupata kwa kolonya ya bei nafuu, akijipaka tena mchana kama walivyofanya watu wa karne ya 18.

Lipo jambo la afya ambalo halihusiani na bei. Mafuta ya bergamoti na ya ndimu yaliyokamuliwa huwa na kemikali za jamii ya bergapteni, ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huiunguza na kuacha mabaka meusi. Waliowahi kukamua ndimu nyingi juani wanaweza kuwa wameyaona mabaka hayo bila kujua chanzo chake. Katika kolonya za zamani yalitokea shingoni, yakifuata njia ya tone lililotiririka. Watengenezaji wakubwa siku hizi hutumia mafuta yaliyoondolewa bergapteni, au huweka kiasi kidogo tu. Katika chupa ya bandia hakuna anayejua kilichowekwa, na katika nchi za jua la utosini hilo pekee linatosha kuikataa bandia hata ikiwa ya bure. Yeyote anayetumia kolonya ya aina hii mchana afadhali aipulizie kwenye nguo, mbali na ngozi iliyo wazi. Limonini na linaloli zenyewe, zikikaa na hewa kwa muda mrefu, hubadilika kuwa peroksidi zinazoweza kuleta mwasho wa ngozi. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulidai tangu mwaka 2003 kwamba viungo 26 vya namna hiyo vitajwe kwenye boksi, na mwaka 2023 ukaipanua orodha hadi zaidi ya 80.

Basi chupa ya dola 100 inamfaa nani? Inamfaa mtu aliyekwisha kufanya jaribio la upofu, akasikia tofauti, akaipenda saa ya tatu kuliko dakika ya kwanza, na ambaye fedha hiyo haitoki kwenye kodi ya nyumba. Watu hao wapo, lakini ni wachache, na hata wao wakumbuke kiasi wanachotumia. Mpulizo mmoja hutoa kama sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo kama 1,000. Kwa mipulizo minne asubuhi na minne mchana, itakwisha kwa siku 125, na gharama yake itakuwa karibu senti 80 hadi dola moja kila siku. Mwalimu anayeanza kazi ailinganishe hesabu hiyo na chakula chake cha mchana.

Anayeamua kununua achague chupa ndogo kabisa inayopatikana, aiweke kabatini mbali na dirisha, na asiiache ndani ya gari. Chupa kubwa inayotumiwa kidogo kidogo hujaa hewa kadiri inavyopungua, na oksijeni hufanya kazi yake humo bila kujali jina lililoandikwa nje. Siku ikifunguliwa na kutoa harufu ya tapentaini badala ya limau, itumike kusafishia gundi kwenye kioo. Kazi hiyo inaiweza vizuri.